Jiwe la Konokono

Pendekezo liliwekwa barazani asubuhi, na fundi miwani alilisoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, kiatu kimoja mguuni na kingine bado mlangoni. Halikuwa refu. Lilisema kwamba kuanzia toleo lijalo la mfumo, Jogoo, Bawabu na Karani waunganishwe wawe kitu kimoja.

Hao watatu hawakuwa watu. Walikuwa programu ndogo zilizokaa chini kabisa ya mfumo huria wa kompyuta, mfumo ambao watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa kwao, waliutengeneza na kuugawa bure. Kompyuta ikiwashwa, Jogoo ndiye aliyeamka kwanza na kuwaamsha wengine kwa zamu. Bawabu alikaa mlangoni, akauliza jina na neno la siri, akaamua nani aingie. Karani hakuongea na mtu. Aliandika tu kila kilichotokea ndani ya mashine, ili siku mambo yakiharibika watu wajue pa kuanzia kutafuta. Kila mmoja alikuwa na mtunzaji wake, na kila mtunzaji alikuwa na baraza lake, yaani ukurasa kwenye mtandao ambako watu walileta maswali, malalamiko na viraka, vile vipande vya programu vya kurekebisha kasoro.

Mtunzaji wa Karani alikuwa huyo fundi. Barazani walimwita Konokono, kwa sababu hakuwahi kujibu swali kabla ya kulijaribu kwanza kwenye mashine yake, na jibu lake liliweza kufika muulizaji ameshasahau aliuliza nini. Hakuchukia. Jina la utani hupewa mtu anayeonekana, na kwenye duka la miwani hakuonekana. Yeye alikaa chumba cha nyuma. Daktari wa macho aliwapima wateja mbele, akacheka nao, akawauliza habari za watoto. Kisha trei ilipitishwa kwenye dirisha dogo ikiwa na fremu na kikaratasi cha namba. Fundi alisaga lenzi, maji yakichuruzika kwenye jiwe la mashine, vumbi jeupe likimganda kwenye kucha. Alijua nani haoni mbali na nani haoni karibu. Sura zao hakuzijua.

Kwa hiyo baraza la Karani lilikuwa sebule yake. Zamani lilikuwa na watu wengi. Siku hizi walibaki wachache, na aliyekuja karibu kila siku alikuwa mmoja tu, mwanamke aliyejiita Mama Pacha. Alitunza kompyuta za zahanati kadhaa, mbali, nchi nyingine, na hizo kompyuta zilikuwa kuukuu hivi kwamba hakuna mfumo mwingine uliokubali kukaa humo. Hawakuwahi kuonana wala kusikiana sauti. Asubuhi angekuta ameandika:

"Konokono, karani wako kaninunia tena. Toka kwenye gamba."

Naye angejibu, "Nimetoka. Amekununia vipi? Nakili maneno yake ya mwisho."

Wangeendelea hivyo, kidogo asubuhi, kidogo saa ya chakula, kidogo jioni. Mambo ya mafaili na diski. Katikati yake Mama Pacha angedokeza kwamba mmoja wa watoto ana homa, au kwamba mvua imekatiza umeme, na Konokono angesoma sentensi hiyo mara mbili, kisha ajibu ile ya diski.

Lile pendekezo liliandikwa na Mhandisi, mtunzaji wa Jogoo. Hadi saa ya chakula baraza kuu, lile la mradi mzima, lilikuwa limewaka moto.

"Jogoo amenenepa, sasa anataka kumeza na wenzake," mmoja aliandika.

"Ukiwaunganisha, mmoja akipata mafua wote wanalala."

"Sasa hivi je?" Mhandisi alijibu. "Mmoja akipata mafua, wawili waliobaki wanagoma. Nimechoka kuwa msuluhishi wa ndoa ya watu watatu."

Konokono aliteremka taratibu, akipitia jina baada ya jina, akitafuta la Mama Pacha. Alilikuta karibu na mwisho.

"Naunga mkono," alikuwa ameandika. "Kila nikisogeza toleo la mmoja, mwingine anavunjika, na mimi ndiye ninayesafiri kwenda kuokota vipande. Samahani Konokono. Si kwamba simpendi Karani."

Aliweka simu kifudifudi kando ya mashine ya kusagia. Trei mpya ilikuwa dirishani. Alisaga lenzi ya kushoto ya mteja huyo kwa namba za kulia, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, akalazimika kuanza upya.

Alijua kitakachotokea. Karani akiunganishwa, baraza lake litafungwa. Maswali yote yatakwenda kwenye baraza moja kubwa lenye watunzaji wengi wepesi wa vidole, na mtu akiuliza lolote atajibiwa kabla Konokono hajafungua mashine. Na Mama Pacha, mashine zake zikitulia, hatakuwa na la kuuliza.

Kwenye mradi ule hawakupiga kura. Mtunzaji asiyekubali jambo aliruhusiwa kuweka jiwe njiani. Jiwe halikuwa maneno. Hasira na mapenzi havikuhesabiwa. Lilikuwa jaribio ambalo yeyote angeweza kulifanya kwenye mashine yake na kuiona kasoro kwa macho yake. Likishawekwa, hakuna aliyeruhusiwa kuunganisha kitu. Na aliyeliweka alipaswa kukaa juu yake, ndivyo walivyosema wenyewe, maana yake kila aliyeleta matokeo au kiraka ilikuwa lazima amjibu. Jiwe liliondolewa na aliyeliweka tu, siku akiridhika kwamba kasoro imekwisha.

Jioni hiyo alipakua toleo la majaribio la Mhandisi, ambamo watatu hao walikuwa wameshaunganishwa, akaliweka kwenye laptopu yake ya zamani. Alijaribu mambo ya kawaida, yakaenda vizuri, tena haraka kuliko alivyotegemea. Akajaribu mengine. Mwishoni aliijaza diski kwa faili kubwa lisilo na maana yoyote, hadi pasibaki nafasi ya herufi moja, akazima na kuwasha.

Kioo kilibaki cheusi. Kona ya juu alama nyeupe iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika.

Alikaa akiitazama mpaka akaelewa. Jogoo alikuwa akimsubiri Karani aseme ameandika, ndipo awaamshe wengine. Karani hakuwa na pa kuandikia, kwa hiyo alisubiri Jogoo aamshe programu nyingine, ile ya kufagia diski na kutoa mafaili yasiyohitajika. Zamani wangekuwa wawili wanaosubiriana. Sasa walikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilijisubiri chenyewe.

Alifungua msimbo, maandishi yenyewe ya programu, kuona imekuwaje, kwa sababu Karani wake mwenyewe hakuwahi kukwama hivyo. Jibu lilikuwa pale pale. Kulikuwa na mistari michache aliyoiandika zamani: nafasi ikiisha, Karani aseme "nimeandika," ayashike maneno kichwani, ayaandike baadaye diski ikifagiwa. Hakuwa ameweka maelezo yoyote kando. Mhandisi, katika kusafisha, aliiona ile mistari kama kosa, karani anayedai kaandika na hajaandika, akaifuta. Mtu yeyote makini angeifuta.

Kuirudisha ilikuwa kazi ya muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Konokono alifunga msimbo. Akaandika barazani: "Naweka jiwe." Akaeleza jaribio, hatua kwa hatua, namna ya kuijaza diski na namna ya kuwasha. Kuhusu ile mistari hakusema kitu. Sheria haikumtaka aliyeleta kasoro alete na dawa yake.

Asubuhi alikuta watu mlangoni. Ndivyo alivyoona moyoni, watu wamejaa mlangoni.

"Kweli bwana, yangu imelala fofofo."

"Yangu pia. Konokono, una roho mbaya, nani anajaza diski namna hiyo?"

"Zahanati zote zinajaza diski namna hiyo," aliandika Mama Pacha. "Ninazo nne sasa hivi. Ameona kitu."

Alimjibu kila mmoja. Ilikuwa sheria, na aliitii kwa furaha. Aliamka mapema ili ajibu, alikula upesi ili ajibu. Watu aliokuwa hajawasikia kwa miaka walirudi, wakauliza hali yake kwanza kabla ya kuuliza ya diski. Mhandisi alimpigia simu, jambo ambalo hakuna mtu wa mradi ule aliyewahi kulifanya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Fundi alizima mashine ya kusagia ili asikie. "Nani mwenzangu?"

"Mimi Mhandisi. Nilidhani utakuwa na sauti nzito. Mzee, jiwe lako limenivunja vidole."

"Pole."

"Pole ya mdomoni hiyo. Nimelizunguka wiki nzima sioni mlango. Nikimwambia Jogoo asisubiri, Bawabu anafungua kabla ya wakati. Nikimwambia asubiri kidogo, anasubiri milele. Wewe hujapata wazo lolote?"

Konokono aliangalia maji yanavyodondoka kwenye beseni chini ya jiwe.

"Bado naangalia," alisema.

"Angalia tu, sisi tunakutegemea. Ukikuta kitu nipigie hata nikiwa harusini kwangu."

"Unaoa?"

"Hapana, mzee. Ni maneno tu." Mhandisi alicheka, naye akacheka, na hata baada ya simu kukatika alibaki ameishikilia sikioni.

Dada yake alikuja Jumapili. Kwa kawaida alipiga simu. Safari hii alikuja mwenyewe, na mfuko wa mboga, akafungua madirisha yote bila kuuliza, akapitisha kidole juu ya kabati.

"Mdogo wangu, humu ndani mnaishi wangapi? Wewe na vumbi?"

"Karibu dada."

"Nimeshakaribia. Unacheka nini na hiyo simu? Umepata mtu?"

"Ni kazi."

"Kazi gani inamfanya mwanamume atabasamu na mswaki mdomoni? Nieleze. Taratibu, mimi si kompyuta."

Alimweleza. Alianza na Jogoo na wenzake, akafika kwenye jiwe. Dada aliosha mboga akisikiliza, akiuliza kidogo kidogo. Alipofika kwenye ile mistari iliyofutwa, fundi alishusha sauti ingawa nyumbani walikuwa wao wawili tu.

Dada alifunga bomba.

"Kwa hiyo dawa unayo."

"Ninayo."

"Na wanahangaika."

"Wanajifunza mengi. Kuna viraka vizuri wameandika."

"Mimi nimeuliza kama wanahangaika."

Dada alikung'uta maji mikononi.

"Ukiwapa, nini kitatokea?"

"Wataunganisha. Baraza langu litafungwa."

"Na hao watu wako?"

"Watakuwa huko kwenye baraza kubwa."

"Na wewe nenda huko."

"Huko hawatakuwa na sababu ya kuniandikia mimi."

"Sababu!" Dada alimtazama kama anayetafuta homa usoni pake. "Mimi nakupigia kila Jumapili. Nina sababu gani? Umewahi kunitengenezea nini wewe, zaidi ya redio uliyoiua?"

"Wewe ni dada yangu."

"Haya. Kata vitunguu."

Walikula. Alipoondoka alimwachia madirisha wazi, na fundi aliyafunga moja moja, akarudi kwenye laptopu. Kulikuwa na kiraka kipya cha Mama Pacha.

Yeye ndiye aliyeling'ang'ania jiwe kuliko wote. Wengine walichoka, wakaanza kupita siku mbili tatu bila kuandika, lakini Mama Pacha alileta kiraka baada ya kiraka. Kila kimoja Konokono alikijaribu kwa uangalifu, kila kimoja kilikosea, na kila mara alimweleza kwa upole kilipokosea. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo. Alimwandikia kwamba kiraka cha tatu kilikuwa na wazo zuri. Alimwandikia kwamba amekaribia. Hayo yalikuwa kweli. Mama Pacha alikuwa akizunguka pembeni kabisa ya ile mistari, kama mtu anayetafuta swichi ukutani gizani na mkono unapita karibu.

Siku moja saa ya chakula aliukuta ujumbe wake, na haukuwa na kiraka.

"Konokono, naomba niseme kitu kisichohusu diski. Nilichukua likizo kazini kwa ajili ya jambo hili. Baba yao amewapeleka watoto kwa mama yake ili nipate utulivu. Nyumba kimya, nimekaa tangu Jumatatu na sipati. Mhandisi anasema tuahirishe toleo. Tukiahirisha, zile zahanati zitabaki na watatu wasioelewana mwaka mwingine, na mimi nitarudi barabarani. Nilidhani naijua kazi hii. Naanza kuona kwamba labda sina akili ya kutosha. Wewe unaijua vizuri, niambie ukweli. Niache?"

Mbele ya duka daktari alikuwa akicheka na mteja kwa sauti. Trei ilipitishwa dirishani ikasimama hapo.

Fundi aliusoma ujumbe ule mpaka mwisho, akarudi juu. Aliona chumba ambacho hakuwahi kukiona, na mwanamke amekaa humo peke yake kwa sababu yeye, huku, hakutaka kukaa peke yake. Aliandika "usikate tamaa," akafuta. Akaandika "umekaribia sana," akafuta hilo upesi zaidi.

Mwishowe aliandika hivi: "Usiache. Akili unayo. Mfanye Karani aseme ameandika kabla hajaandika, ayashike maneno kichwani mpaka diski ifagiwe. Angalia msimbo wangu wa zamani, sehemu ya nafasi ikiisha. Mistari ipo. Mhandisi aliifuta kwa nia njema."

Jibu halikuchelewa.

"Imewaka," aliandika. "Imewaka! Imewaka na diski imejaa pomoni! Konokono!!"

Kisha, baada ya muda wa kutosha kwa mtu kunyanyuka, kuzunguka chumba na kukaa tena:

"Mistari hii ulijua lini kwamba imefutwa?"

Angeweza kusema jana. Alikuwa na sifa ya uchelewaji, wangeamini.

"Tangu siku ya kwanza," aliandika.

Alama ya kwamba anaandika ilitokea, ikapotea. Ikatokea, ikapotea. Daktari aligonga dirisha dogo kwa kifundo cha kidole.

"Fundi, mteja anangoja."

"Nakuja, daktari."

Alipoitazama tena simu, kulikuwa na neno moja. "Sawa."

Jioni aliandika barazani kwamba ameridhika na jiwe limeondolewa. Alieleza kiraka ni cha nani: Mama Pacha. Mhandisi aliweka msururu wa vicheko na kumwita babu wa mfumo. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama Pacha, kama aliwaambia, aliwaambia faraghani. Konokono hakuwahi kujua.

Waliunganisha. Toleo lilitoka, watu wakapongezana. Juu ya baraza la Karani paliwekwa mstari mmoja uliosema kwamba baraza limefungwa, maswali yote yapelekwe baraza kuu. Chini yake yalibaki mazungumzo ya miaka yote, yanasomeka ila hayajibiki.

Alijaribu baraza kuu. Mhandisi alimkaribisha kwa jina, akampa cheo cha mtunzaji pamoja na wengine kumi na kitu. Mtu aliuliza swali kuhusu maandishi ya Karani. Konokono alifungua laptopu, akajaribu, akahakikisha, akarudi na jibu. Wanne walikuwa wameshajibu, na majibu yao yalikuwa sahihi. Aliliacha lake bila kulituma. Siku zilizofuata aliingia, akasoma, akatoka.

Alingoja kasoro. Hakujivunia jambo hilo, lakini alingoja. Kila asubuhi, kabla ya chai, alitafuta jina la Mama Pacha katika orodha ya walioleta malalamiko. Halikuwepo. Kompyuta za zahanati ziliwaka zilipowashwa, diski zilijaa na kufagiwa, na hakuna aliyepanda gari kwenda kuokota vipande. Ukimya wake ulikuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika vizuri. Kwa upande wa kazi hapakuwa na la kulalamikia.

Siku moja dukani hapakuwa na wateja. Daktari alikuwa amesinzia mbele, na mashine ya kusagia ilikuwa kavu. Fundi alikaa kwenye stuli yake akamfungulia Mama Pacha ujumbe mpya, wa kwao wawili tu, akagundua kwamba hajui kuanza. Kwa miaka yote waliyoandikiana hakuwahi kumwandikia bila kuwa na kitu kibovu katikati yao. Aliandika salamu, akaitazama, ikaonekana kama kadi ya mtu asiyejulikana. Akataka kumuuliza kuhusu toleo jipya, akajizuia, kwa sababu hakutaka kujua kuhusu toleo jipya.

Aliandika: "Habari za siku nyingi. Nilitaka tu kukujulia hali."

Akatuma kabla hajapata nafasi ya kujaribu kwanza.

Jibu lilikuja haraka, haraka kama zamani.

"Kuna kitu kimeharibika?"

Alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa.

"Hapana," aliandika. "Kila kitu kinafanya kazi."

"Afadhali," aliandika Mama Pacha. "Umenishtua."

Alingoja kuona kama ataongeza neno. Ile alama haikutokea. Mlango wa mbele ulilia, daktari akaamka na kumkaribisha mtu kwa sauti ya uchangamfu, akamuuliza macho yanamsumbuaje, tangu lini, na watoto wazima? Baada ya kitambo trei ilipita dirishani. Fundi alisoma namba, akafungulia maji, akaiwasha mashine.